Hulka ya mtu si dhamana ya mkopo

Kwa kawaida ukurasa huu huanza na bei: maharage ya Rulenge, mahindi ya Nyakahura, ndizi zinazopakiwa Nyakanazi kwenda Kahama na Mwanza. Wiki hii tunaomba radhi kwa wale waliozoea kusoma bei kwanza, kwani kuna bidhaa nyingine imeingia sokoni ambayo nayo ina gharama yake, ingawa haipimwi kwa kilo. Bidhaa hiyo ni fomu.

Nilionyeshwa fomu hiyo na mfanyabiashara mmoja wa mazao pale Nyakahura, wilayani Biharamulo. Alikuwa ameomba mkopo wa kununulia maharage wakati wa mavuno. Mkopeshaji, ambaye hatutamtaja, hakumwuliza kwanza kama ana stoo, ana mdhamini, au amewahi kukopa na kulipa. Alimpa karatasi mbili za maswali. Je, unapenda zaidi kukaa na watu wengi au peke yako? Unapoamua jambo, unafuata hoja au unafuata moyo? Unapenda mambo yenye ratiba au unakwenda kufuatana na hali? Mwishoni majibu yanajumlishwa, mtu anapewa herufi nne, na herufi hizo zinamweka katika aina moja kati ya aina 16 za watu. Bwana yule alikuwa na swali moja tu kwangu, nalo lilikuwa swali la mfanyabiashara hasa: "Mzee, sasa hapa jibu la mkopo ni lipi?"

Sikumjibu siku ile. Nimejaribu kumjibu hapa, kwa sababu naona fomu za namna hii zinaongezeka, si kwa wakopeshaji peke yao. Zipo katika semina za ujasiriamali, na zipo kwa waajiri wanaotafuta makarani na watunza stoo. Wilaya ya Ngara nayo inasubiri ajira za nikeli ya Kabanga, ambayo mkataba wake wa msingi kati ya Serikali na mwekezaji ulisainiwa Januari 2021. Panapokuwa na vijana wengi na nafasi chache, kila mwenye njia ya mkato ya kuchambua watu hupata mteja. Maoni ya mwandishi wa safu hii ni kwamba mfanyabiashara asikubali njia hiyo ya mkato imwekee bei, wala yeye asiitumie kumpima mwenzake.

Tuanze na asili yake. Daktari mmoja wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu mwaka 1921 akieleza kwamba watu wana hulka za aina mbalimbali: wapo wanaoelekea nje kwa watu, wapo wanaoelekea ndani ya nafsi zao, na kadhalika. Si wengi wanaojua kwamba miaka minne baadaye, mwaka 1925, Jung huyo alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, na kutoka huko akaenda kupiga kambi Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Alikaa na wazee wa kule akiwauliza habari za ndoto, kwa Kiswahili chake kidogo na kamusi mkononi. Mganga mmoja mzee alimweleza kwamba zamani ndoto ziliongoza watu, lakini tangu Waingereza waje hazihitajiki tena, kwa kuwa sasa Bwana D.C. anajua kila kitu. Jung aliliandika jambo hilo kwa masikitiko.

Fomu ya herufi nne, hata hivyo, si kazi ya mikono yake. Ilitengenezwa Marekani na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, waliosoma kitabu cha Jung wakakipenda. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia chuoni. Binti alikuwa amewahi kuandika riwaya ya upelelezi. Waliianza kazi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1962 ikatolewa pamoja na kitabu chake cha maelekezo. Tangu hapo imekuwa biashara kubwa duniani. Kutosoma chuoni si kosa, na wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tumejenga nyumba bila shahada. Kosa liko kwenye mizani yenyewe.

Chukua mfano wa mtu anayenunua maharage. Tuseme anaamua kila gunia ni ama "zito" ama "jepesi", na mpaka ni kilo 100. Gunia la kilo 99 anaita jepesi, la kilo 101 anaita zito, na la kilo 130 la lumbesa nalo anaita zito. Kwenye daftari lake gunia la 101 na la 130 ni ndugu, ilhali la 99 na la 101 ni wageni wasiojuana. Ndivyo fomu hii inavyofanya kwa watu. Watafiti walipotazama alama zenyewe kabla ya kugeuzwa herufi, hawakukuta makundi mawili, la wachangamfu na la wakimya. Walikuta watu wengi wamejazana katikati. Ukikata pale penye msongamano, wengi wanaangukia upande huu au ule kwa jibu moja au mawili tu. Matokeo yake ni kwamba waliojaza fomu tena baada ya majuma matano, sehemu kubwa yao, hadi nusu katika baadhi ya tafiti, walipewa aina tofauti na ile ya kwanza. Mizani inayobadilisha uzito wa gunia lile lile ndani ya majuma matano, wakala wa vipimo angeifunga.

Mwaka 1991 jopo la wanasayansi wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliipitia fomu hiyo na kuona kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuitumia kuwaelekeza watu kazi. Wachapishaji wake wenyewe wanasema isitumike kuchagua wa kuajiri. Kwa hiyo anayeitumia Biharamulo kuamua nani apewe mkopo anakwenda mbali kuliko mwenye duka aliyemuuzia.

Mtu atauliza, mbona wanaopewa herufi hizo husema "kweli, huyu ni mimi kabisa"? Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la hulka, kisha akampa kila mmoja maelezo yake binafsi, aseme yanamfaa kiasi gani kwa alama sifuri hadi tano. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, na mengi Forer aliyatoa kwenye kitabu cha nyota. Ndugu msomaji, ukiambiwa kwamba unapenda kuheshimiwa, kwamba wakati mwingine unajilaumu, na kwamba una uwezo ambao hujautumia, utakataa nini hapo?

Sasa niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Utafiti wa hulka haukuishia kwenye herufi nne. Wataalamu wengi siku hizi hawapangi watu katika aina; wanapima viwango vya sifa tano, na mojawapo ni uangalifu wa kazi, yaani mtu kushika ahadi, kumaliza alichoanza na kutunza mpangilio. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walijumlisha tafiti nyingi na kuona kwamba sifa hiyo inaambatana na utendaji mzuri katika kazi za kila namna. (Barrick huyu hana undugu na ile kampuni iliyochimba dhahabu Tulawaka, hapo hapo Biharamulo, kuanzia 2005 hadi mgodi ulipoingia mikononi mwa STAMICO mwaka 2013.) Lakini tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Katika kipimo ambacho 1 ni uhusiano kamili, wao walipata takriban 0.22. Kwa hesabu ya kawaida, katika sehemu 100 za tofauti ya utendaji kati ya mtu na mtu, sifa hiyo inaeleza kama 5. Zile 95 zinabaki kwingine. Mwajiri mwenye makarani 5,000 anaweza kufaidi sehemu 5. Mwenye duka la karani mmoja anabahatisha.

Na hesabu hiyo ni ya huko walikozoea kujaza fomu. Huku kwetu kuna tatizo jingine, ambalo kila aliyewahi kupita kaya kwa kaya na dodoso analijua. Mgeni akija na kalamu, mwenyeji anamkaribisha kiti, na mengi atakayoulizwa atajibu "ndiyo". Unafanya kazi kwa bidii? Ndiyo. Huwa unakata tamaa upesi? Ndiyo, wakati mwingine, mwanangu. Hiyo ni adabu, na adabu ikiingia kwenye jumla ya alama inasomeka kama hulka. Watafiti Rachid Laajaj na Karen Macours walilikuta jambo hilo kwa wakulima wa magharibi ya Kenya, ng'ambo ya ziwa letu: maswali ya hulka yalitoa majibu yenye kelele nyingi, na sehemu ya kelele ilikuwa tabia hiyo ya kukubali kila kinachosemwa. Mwaka 2019 Laajaj, Macours na wenzao wakatoa uchambuzi wa watu 94,751 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati waliohojiwa ana kwa ana. Maswali yale yale ambayo Ulaya na Marekani yanajipanga vizuri katika sifa tano, katika nchi hizo hayakujipanga.

Kuna mfano mwingine wa mbali unaonipendeza. Kule Bolivia wapo Watsimane, watu wa msituni wanaolima na kuwinda. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha majibu ya watu wazima 632. Hawakuziona sifa tano. Walichoona kwa kukadiria ni mambo mawili: mtu kuishi vyema na wenzake, na mtu kuwa na bidii ya kazi. Mwenyekiti yeyote wa VICOBA pale Rulenge angewaambia hivyo bila kwenda Bolivia.

Lakini hoja yangu kubwa inatoka hapa hapa nyumbani, na wasomaji wa umri wangu waliiona kwa macho. Tarehe 28 Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa kama saa 24. Benaco, mahali palipokuwa pori na barabara, pakawa mji. Zikaja kambi nyingine, Lumasi, Musuhura, Lukole. Yakaja magari ya mashirika, mahema, mafuta ya kula, mahindi ya msaada, na watu wenye mishahara ya kigeni wakitafuta nyumba za kupanga. Mfanyabiashara wa Ngara na Biharamulo alijikuta ndani ya siku moja jirani na soko kubwa kuliko lolote alilowahi kuhudumia.

Tungeigawa ile fomu ya herufi nne mwezi Machi 1994, ingetuambia nani atafaidika? Ingetutajia wachangamfu, wenye kuthubutu, wenye kubashiri ya mbele. Waliokuja kuchunguza baadaye walikuta mambo mengine. Beth Whitaker, aliyefanya utafiti katika vijiji vya magharibi ya Tanzania, aliona kwamba waliokuwa tayari na mali, elimu au madaraka ndio waliojipatia zaidi, na wasiokuwa navyo wakabaki walipo au wakaumia. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walitumia takwimu za kaya za Kagera, wakaona kwamba kwa wastani wenyeji walipata nafuu, lakini kibarua wa shamba aliumia, kwani ghafla kulikuwa na maelfu waliokubali ujira mdogo kuliko wake huku bei za baadhi ya vitu zikipanda. Mwenye shamba aliyemwajiri kibarua huyo akafaidi. Watu wawili wa kijiji kimoja, pengine wenye hulka moja na wanaosali kanisa moja, mmoja akapanda na mwingine akashuka, na tofauti yao ilikuwa upande gani wa jembe kila mmoja alisimama.

Bei nazo zilisema hivyo hivyo. Jennifer Alix-Garcia na David Saah walizichambua na kuona kwamba vyakula ambavyo havikuletwa na msaada vilipanda sana, na vile vilivyoletwa na msaada vilipanda kidogo tu. Aliyekuwa na migomba ya ndizi za kupika alikuwa na bahati kuliko aliyekuwa na ghala la mahindi, kwani mahindi yalikuwa yakigawiwa bure Benaco. Hakuna swali katika ile fomu linalouliza kama una migomba.

Kisha Desemba 1996 ikafika. Serikali ilitaka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwaka, na mamia ya maelfu ya wateja wakaondoka kwa mguu katika majuma machache. Wale wenye kuthubutu, waliosifiwa kwa ujasiri mwaka 1995, ndio hasa walioweza kukutwa na vibanda vilivyojaa mali na madaftari ya mali kauli yasiyo na mtu wa kudaiwa. Mwoga aliyeuza taslimu tu alilala usingizi. Hulka ile ile iliyolipa mwaka mmoja iligharimu mwaka uliofuata, na mkopeshaji ambaye angeweka riba nafuu kwa "aina ya mthubutu" angekuwa ameweka nafuu hiyo mahali pa hatari.

Takwimu hizo za Kagera zina jambo moja zaidi. Benki ya Dunia na wataalamu wa Muhimbili walianza mwaka 1991 kufuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa wetu hadi 1994, kisha watafiti wakawatafuta tena watu wale wale mwaka 2004 na 2010, hata waliohama. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliona kwamba kufikia 2004 matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya wenzao waliobaki, na hapo walikuwa wakilinganisha watu waliotoka nyumba moja. Najua atakayesema: waliohama ndio wenye hulka ya kuhama. Huenda kuna ukweli ndani yake, na watafiti wenyewe walilihangaikia swali hilo. Lakini hata ukitoa punguzo kubwa kwa hulka, kinachobaki kwa ajili ya mahali mtu alipo ni kingi. Anayeuza soda Nyakanazi, njia panda, si hodari lazima kuliko anayeuza soda kijijini kusikopita basi.

Kwa hiyo mkopeshaji afanye nini, kwani hawezi kumkopesha kila anayebisha hodi? Aangalie mwenendo uliokwisha kuandikwa. Kikundi cha kuweka na kukopa, kile chenye sanduku la kufuli tatu na washika funguo watatu, kinafanya kazi hiyo kila juma. Nani alinunua hisa mvua ikinyesha, nani alichelewa na akalipa faini bila ugomvi, nani alikopa akarudisha siku ileile. Baada ya miezi tisa daftari hilo lina habari za hulka kuliko fomu ya dakika 20, na mtu hawezi kulijibu kwa adabu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivyo kama daraja la nne la watoa huduma. Mkopeshaji wa daraja la juu akitaka kumjua mteja wa Nyakahura, aombe kuliona daftari la kikundi chake, mteja mwenyewe akiridhia.

Sisemi kwamba maswali ya tabia hayana kazi kabisa. Kwa mtu asiye na historia yoyote ya mkopo, wapo waliojaribu kupima uaminifu na uwezo kwa maswali ya kompyuta, na huko Peru ilionekana njia hiyo inaweza kuwaingiza watu wapya bila kuongeza madeni mabaya. Hao walipima alama zao dhidi ya waliolipa na wasiolipa, kwa fedha halisi, kisha wakarekebisha. Aliyekuletea fomu mwulize swali hilo moja: mmeilinganisha na malipo ya watu wa Biharamulo wangapi, na ilikosea mara ngapi? Na majibu yako ni mali yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani.

Kuhusu semina, upo utafiti ambao waandaaji wangefaa kuusoma kabla ya kuchapisha fomu nyingine. Kule Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa kura: wengine walifundishwa utunzaji wa mahesabu na masoko kama kawaida, wengine walifundishwa mazoea ya kuanzisha jambo bila kusukumwa, kutafuta nafasi mpya na kutokata tamaa kikwazo kikija, na wengine hawakufundishwa kitu. Matokeo yalitolewa 2017. Katika kipindi cha miaka miwili na nusu hivi, faida ya kundi la mazoea ilipanda kwa asilimia 30. La mahesabu lilipanda kwa 11, kiasi ambacho hakikuweza kutenganishwa na bahati. Hakuna aliyeambiwa yeye ni aina gani ya mtu. Walichukuliwa kuwa wote wanaweza kujifunza.

Yule bwana wa Nyakahura nimerudi kwake juzi. Fomu aliijaza, kwa ushauri wa binti yake wa sekondari, wakachagua kila jibu lililoonekana la mtu mzuri. Ametoka "kiongozi mwenye maono". Mkopo bado hajapata, kwa sababu mwishowe mkopeshaji aliuliza kama ana stoo. Maharage ya kwanza amenunua kwa fedha za kikundi.